Kutatua Migongano ya Matawi katika Git: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inaposimamisha kazi ya kuunganisha matawi na kutangaza kwamba kuna mgongano, haijaharibika wala haijaharibu kitu. Imefika mahali ambapo matawi mawili yamebadilisha sehemu ileile ya faili kwa namna mbili tofauti, na kwa kuwa haielewi maana ya msimbo, inamwachia binadamu aamue. Ingeweza kuchagua upande mmoja kimyakimya na kuendelea, na hapo ndipo pangekuwa na balaa, kwa sababu kazi ya mtu ingefutika bila yeyote kujua. Mwongozo huu unamhusu mtu ambaye tayari anajua kutengeneza tawi (mkondo wa kazi uliotengwa) na kuandika komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa), lakini ambaye moyo humdunda akiona neno CONFLICT, yaani mgongano, kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Tutaufuata mfano mmoja karibu tangu mwanzo hadi mwisho, na hoja nitakayoirudia ni hii: kila mgongano una matoleo matatu ya faili, si mawili, na anayeyatazama mawili tu hutatua kwa kubahatisha.

## Jinsi Git inavyounganisha

Linus Torvalds alianza kuandika Git mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, mradi ambao waandishi wake wametawanyika duniani na kila mmoja hufanya kazi kwenye nakala yake kamili. Mifumo ya zamani zaidi, kama vile RCS ya mwaka 1982, ilikuwa na desturi ya kufunga faili: aliyelichukua kwanza alilishikilia, na wengine walisubiri zamu yao. Git haifungi chochote. Kila mtu huandika kwa wakati wake, na hesabu ya nani alibadilisha nini hufanywa mwishoni. Migongano ni gharama ya uhuru huo.

Hesabu yenyewe si ngumu kuielewa. Unapoamuru tawi moja liunganishwe na jingine, Git kwanza hutafuta chimbuko lake, yaani komiti ya mwisho ambayo matawi yote mawili yalikuwa nayo kabla hayajaachana. Kisha hulinganisha chimbuko hilo na kila tawi. Mstari uliobadilishwa upande mmoja tu huchukuliwa kutoka upande huo. Mstari ambao hakuna aliyeugusa hubaki ulivyo. Badiliko lililofanana pande zote mbili huchukuliwa mara moja. Mgongano hubaki pale tu ambapo pande zote mbili zimeligusa eneo moja kwa namna zisizofanana. Mistari inayopakana huhesabiwa kuwa eneo moja, na ndiyo maana unaweza kuona mgongano hata kama wewe uligusa mstari wa 10 na mwenzako akagusa wa 11.

Tangu toleo la 2.34 lililotoka Novemba 2021, kazi hii hufanywa kwa mbinu iitwayo ort, iliyochukua nafasi ya ile ya recursive, na ambayo ni ya haraka zaidi hasa kunapokuwa na mafaili mengi yaliyobadilishwa majina. Angalia toleo lako kwa kuandika `git --version`, kwa sababu baadhi ya amri zitakazofuata zinahitaji toleo la 2.36 au jipya zaidi.

## Mfano tutakaoufuata

Serikali ya Kenya ilipunguza kiwango cha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, kisha ikakirudisha kwenye asilimia 16 kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Kila aliyekuwa na programu ya kutoa risiti alilazimika kubadilisha namba ileile mara mbili ndani ya miezi tisa. Tuchukulie kwamba ni Desemba 2020, na programu ya duka moja ina faili liitwalo `bei.py` lenye mistari hii:

```
def bei_ya_mwisho(bei):
    kodi = bei * 0.14
    return bei + kodi
```

Wewe umefungua tawi `punguzo` ili wateja wapewe punguzo kabla ya kodi kukokotolewa. Umeandika hivi:

```
def bei_ya_mwisho(bei, punguzo):
    kodi = (bei - punguzo) * 0.14
    return bei - punguzo + kodi
```

Wakati huohuo mwenzako, akijiandaa kwa mwaka mpya, amebadilisha namba moja tu kwenye tawi kuu, `main`: ile 0.14 imekuwa 0.16. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amefanya kazi aliyopewa, na msimbo wa kila mmoja unafanya kazi ukiwa peke yake.

## Kabla ya kuunganisha

Anza na meza safi. Andika `git status` na uhakikishe kwamba hakuna mabadiliko ambayo hujayaweka kwenye komiti. Yakiwepo, yaandikie komiti au yaweke kando kwa `git stash`. Sababu yake ni ya vitendo: ukitaka kuacha kazi katikati na kurudi ulikotoka, Git inaweza kukurudisha kwenye komiti kwa uhakika, lakini mabadiliko yaliyokuwa yanaelea bila komiti yanaweza yasirudi jinsi yalivyokuwa.

Kisha leta habari mpya kutoka kwenye seva (ambayo Git huiita `origin`), hamia kwenye tawi lako, na uunganishe `main` ndani yake:

```
git fetch origin
git switch punguzo
git merge origin/main
```

Zingatia mwelekeo. Hatuunganishi `punguzo` ndani ya `main` moja kwa moja, bali tunaileta `main` ndani ya tawi letu, ili mgongano utatuliwe na kujaribiwa mahali ambapo kosa halimgusi mtu mwingine. `main` itapokea kazi yetu baadaye, ikiwa imekwisha kupatanishwa. Amri ya `git switch` ilikuja na toleo la 2.23 la mwaka 2019. Kwenye kompyuta yenye toleo la zamani zaidi, `git checkout punguzo` hufanya kazi ileile.

## Mgongano unapotokea

Terminali itajibu hivi:

```
Auto-merging bei.py
CONFLICT (content): Merge conflict in bei.py
Automatic merge failed; fix conflicts and then commit the result.
```

Usifungue faili bado. Andika kwanza `git status` upate orodha kamili ya mafaili yenye mgongano. Yale ambayo Git imeyaunganisha bila tatizo utayaona chini ya mabadiliko yaliyo tayari kwa komiti, na yale yanayokusubiri yataonekana kwenye sehemu yake, kila moja likiwa na maelezo kama `both modified`, maana yake pande zote mbili zimelibadilisha. Orodha hii inakupa ukubwa wa kazi. Mafaili mawili unaweza kuyamaliza mara moja. Mafaili arobaini ni dalili kwamba tawi limekaa peke yake muda mrefu mno, au kwamba mtu amepanga upya msimbo wote kwa zana ya kunyoosha mistari, na huenda ukahitaji kuzungumza na wenzako kabla ya kugusa chochote.

Sasa fungua `bei.py`. Utakuta hivi:

```
<<<<<<< HEAD
def bei_ya_mwisho(bei, punguzo):
    kodi = (bei - punguzo) * 0.14
    return bei - punguzo + kodi
=======
def bei_ya_mwisho(bei):
    kodi = bei * 0.16
    return bei + kodi
>>>>>>> origin/main
```

Kati ya alama ya kwanza na mstari wa alama za usawa ni toleo la tawi ulilosimama juu yake, ambalo Git huliita HEAD. Kati ya alama za usawa na alama ya mwisho ni toleo linaloingia. Alama hizi ni maandishi ya kawaida ndani ya faili lako, na hakuna kitakachozifuta isipokuwa wewe au zana uliyoichagua.

Hapa ndipo wengi hukosea. Vihariri vingi vya msimbo huweka vitufe juu ya mgongano: chagua upande huu, chagua ule, au chagua yote mawili. Jaribu kuwaza matokeo yake kwa bidhaa ya shilingi 1,000 yenye punguzo la shilingi 100. Ukichagua upande wa juu, mteja atatozwa shilingi 1,026, na kuanzia Januari duka litakuwa linakusanya kodi pungufu kwenye kila risiti. Ukichagua upande wa chini, punguzo lote linatoweka na bei inakuwa shilingi 1,160. Ukichagua yote mawili, utapata fanksheni mbili zenye jina moja, na Python haitalalamika hata kidogo: itatumia ya pili na kuisahau ya kwanza. Vitufe vitatu, na vyote vitatu vinatoa jibu baya. Jibu sahihi halipo upande wowote wa zile alama za usawa.

## Kuliita toleo la tatu

Ukitazama tena mgongano ulivyo hapo juu, utaona kwamba haukuambii jambo la maana kuliko yote: kati ya 0.14 na 0.16, ipi ni ya zamani na ipi ni mpya? Asiyeijua historia ya kodi ya Kenya hawezi kujua kama mwenzake ameipandisha namba hiyo au wewe ndiye uliyeishusha. Anayeweza kujibu ni chimbuko. Git inalo, ila kwa kawaida haikuonyeshi. Iamuru ikuonyeshe:

```
git checkout --conflict=zdiff3 bei.py
```

Amri hii huandika upya alama za mgongano kwenye faili, kwa hiyo itumie kabla hujaanza kuhariri, la sivyo utapoteza ulichokwisha kuandika. Faili sasa litakuwa hivi:

```
<<<<<<< ours
def bei_ya_mwisho(bei, punguzo):
    kodi = (bei - punguzo) * 0.14
    return bei - punguzo + kodi
||||||| base
def bei_ya_mwisho(bei):
    kodi = bei * 0.14
    return bei + kodi
=======
def bei_ya_mwisho(bei):
    kodi = bei * 0.16
    return bei + kodi
>>>>>>> theirs
```

Sehemu ya katikati ndiyo chimbuko, na linatatua fumbo lote. Linganisha chimbuko na upande wa juu: wewe umeongeza kigezo cha punguzo na kukitumia mara mbili, lakini hukuigusa 0.14, uliirithi tu. Linganisha chimbuko na upande wa chini: mwenzako amegeuza 0.14 kuwa 0.16 na hakugusa kingine. Sasa huna tena matoleo mawili yanayogombana, bali una nia mbili ambazo zinaweza kukaa pamoja bila taabu.

Ili usilazimike kuandika amri hiyo kila mara, ifanye iwe kawaida ya kompyuta yako:

```
git config --global merge.conflictStyle zdiff3
```

Mtindo wa zdiff3 ulikuja na toleo la 2.35 mwanzoni mwa mwaka 2022. Kwenye matoleo ya zamani andika `diff3`, ambao nao huonyesha chimbuko isipokuwa hauondoi mistari inayofanana kwenye kingo za mgongano. Kama ungeniuliza ni badiliko gani moja la mipangilio linalostahili kufanywa leo, ningetaja hili bila kusita.

Kuna nyakati ambapo hata matoleo matatu hayatoshi, hasa eneo linapokuwa refu. Hapo tafuta sababu, yaani komiti zilizoleta mgongano na maelezo yake:

```
git log --merge --left-right --oneline -- bei.py
```

Orodha itakayotoka ina komiti zilizoligusa faili hilo tu tangu matawi yaachane, zikiwa na mshale unaoonyesha upande. Komiti iliyoandikwa "Kurudisha VAT 16% kuanzia Januari" inajibu swali papo hapo. Iliyoandikwa "marekebisho" haisaidii chochote, na hapo itabidi umtafute aliyeiandika umuulize alikusudia nini. Ukitaka kuyaona matoleo matatu yakiwa mazima, kila moja bila alama za mgongano, Git imeyahifadhi kwa namba kwenye indeksi, yaani mahali inapoandalia komiti ijayo: `git show :1:bei.py` ni chimbuko, `:2:` ni lako, na `:3:` ni linaloingia.

## Kuandika jibu

Futa alama zote pamoja na sehemu ya chimbuko, kisha andika mistari inayotimiza nia zote mbili:

```
def bei_ya_mwisho(bei, punguzo):
    kodi = (bei - punguzo) * 0.16
    return bei - punguzo + kodi
```

Njia ninayoipendekeza ni kuanza na upande wenye mabadiliko mengi, hapa ukiwa ni wa punguzo, kisha kulitia ndani yake lile badiliko dogo la upande wa pili. Kuyaanzia madogo na kuyajengea makubwa juu yake huwa ni kuandika upya kazi ya mtu, na katika kuandika upya ndimo makosa mapya huingilia. Jizuie pia usirekebishe mambo mengine uliyoyaona njiani, hata kama jina la fanksheni hulipendi, kwa kuwa komiti ya kuunganisha haisomwi kwa makini kama komiti nyingine na badiliko lililojificha humo ni gumu kulipata baadaye.

Ipo njia ya mkato ambayo lazima uielewe kabla ya kuitumia. `git checkout --ours bei.py` na mwenzake `--theirs` hulichukua faili zima kutoka upande mmoja, si eneo la mgongano pekee. Kama faili lina mistari 300 na mgongano uko kwenye mistari mitatu, amri hiyo itayatupa pia mabadiliko yote ya upande wa pili ambayo Git ilikwisha kuyaunganisha vizuri. Anayetaka kuchagua upande kwenye maeneo ya mgongano tu huanza upya na `git merge -X ours origin/main`. Wala usiichanganye hiyo na `git merge -s ours`, ambayo inatofautiana nayo kwa herufi moja tu lakini hutupa kila kitu kutoka tawi linaloingia huku ikiandika kwenye historia kwamba limeunganishwa.

## Kuthibitisha na kufunga

Git haichunguzi kama umetatua kweli. Ukiandika `git add bei.py`, inaamini kwamba umemaliza, hata kama alama za mgongano bado zimo. Kwa hiyo kagua kwanza kwa `git diff --check`, ambayo hutaja mistari yoyote yenye alama zilizosahaulika. Endesha programu. Endesha majaribio kama yapo. Kama hayapo, piga hesabu kwa mkono: shilingi 1,000 ukitoa 100 ni 900, kodi ya asilimia 16 ni 144, jumla 1,044. Ikiwa programu inatoa 1,044, endelea:

```
git add bei.py
git commit
```

Git itakuandalia maelezo ya komiti. Usiyaache yalivyo ikiwa ulifanya uamuzi wowote usio dhahiri. Ongeza sentensi moja, kwa mfano kwamba punguzo linatolewa kabla ya kodi na kwamba kiwango kipya ni cha `main`. Baada ya hapo `git show --remerge-diff`, inayopatikana tangu toleo la 2.36, itarudia muunganisho kwa mashine na kukuonyesha tofauti kati ya mgongano uliokuwapo na jibu uliloandika. Ni amri nzuri sana pia kwa anayekagua kazi ya mwenzake.

## Mgongano ambao Git haiuoni

Sasa lipo jambo linalonisumbua kuliko alama zote hizo. Tuseme mwenzako, kwenye `main`, aliongeza pia faili jipya `risiti.py` lenye mstari huu:

```
jumla = bei_ya_mwisho(1000)
```

Wewe hukuwa na faili hilo, kwa hiyo Git italiingiza bila neno. Lakini fanksheni yako sasa inadai vigezo viwili, na mstari huo una kimoja. Muunganisho umekwenda salama, `git status` inang'aa, na programu itaanguka mteja wa kwanza atakapoomba risiti. Mgongano wa maana hauhitaji mistari miwili kugusana; unaweza kukaa kwenye mafaili mawili yaliyo mbalimbali kabisa.

Kinga yake ni kuendesha majaribio baada ya kila muunganisho, hata ule uliopita bila mgongano wowote, na kutafuta mahali pote panapotumia kitu ulichokibadilisha umbo: `git grep bei_ya_mwisho` ingeufichua mstari ule kwa sekunde moja. Hapa ungeweza kuliandika punguzo lenye thamani ya kawaida, `punguzo=0`, na waitaji wa zamani wasingehisi chochote.

## Migongano ya aina nyingine

Mafaili mengine hayafuati utaratibu huu. Upande mmoja ukiwa umelifuta faili na mwingine umelibadilisha, Git huandika `CONFLICT (modify/delete)` na haikupi alama zozote za kuhariri. Jiulize kwa nini lilifutwa: kama msimbo wake umehamishiwa kwingine, badiliko la upande wa pili linapaswa kuhamishiwa huko kwa mkono, ndipo ulifute kwa `git rm`. Kama lilifutwa kimakosa, lirudishe kwa `git add`.

Picha na mafaili mengine yasiyo maandishi hayawezi kuunganishwa mstari kwa mstari. Hapo `--ours` na `--theirs` ndizo zana halali, kwa sababu hakuna namna ya kuchanganya nembo mbili za duka isipokuwa mbunifu achore ya tatu.

Kuhusu `package-lock.json`, faili la miradi ya JavaScript linaloorodhesha vifurushi vya nje na matoleo yake, usithubutu kuitatua kwa mkono. Ina maelfu ya mistari iliyoandikwa na mashine. Tatua `package.json` kwanza, kwa akili, kisha endesha `npm install`, ambayo tangu toleo la 5.7 la npm inajua kuuondoa mgongano kwenye faili hilo yenyewe. Lugha nyingi zina faili la namna hiyo, na kanuni haibadiliki: kilichozalishwa na mashine kizalishwe upya na mashine.

Mwisho, ukiona faili zima limegeuka mgongano mmoja mrefu ilhali pande zote mbili zinaonekana sawa kwa macho, shuku miisho ya mistari, ambayo Windows huiandika tofauti na Linux. Acha muunganisho kwa `git merge --abort`, ujaribu tena kwa `git merge -Xrenormalize origin/main` au `-Xignore-space-change`, na uweke mstari `* text=auto` kwenye faili la `.gitattributes` la mradi.

## Unapotumia rebase

Timu nyingi hupendelea `git rebase origin/main`, ambayo huzing'oa komiti zako na kuzipanda upya moja baada ya nyingine juu ya `main`. Migongano hutatuliwa kwa njia ileile ya matoleo matatu, ila kuna tofauti mbili. Kwanza, unaweza kutatua mara kadhaa, kwa kuwa kila komiti hupandwa peke yake. Baada ya kila moja unaandika `git add` na `git rebase --continue`. Pili, majina hugeuka. Kwa kuwa Git imesimama juu ya `main` na inaziingiza komiti zako kama mgeni, `--ours` sasa ni `main` na `--theirs` ni kazi yako mwenyewe. Niliwahi kuandika `--ours` kwenye mafaili sita nikiamini naulinda upande wangu, na nikagundua jioni kwamba nilikuwa nimejifutia kazi ya siku nzima. Niliipata kwa njia nitakayoieleza hivi punde.

Ukichoka kutatua mgongano uleule kila unapofanya rebase, washa kumbukumbu ya Git kwa `git config --global rerere.enabled true`. Kuanzia hapo itarekodi jinsi ulivyotatua kila mgongano na kulirudia jibu hilo ukijitokeza tena. Majibu ambayo hayajatumika kwa siku 60 hufutwa. Bado kagua, kwani itarudia pia kosa lako kwa uaminifu uleule.

Rebase hubadilisha historia, kwa hiyo unapopeleka tawi kwenye seva tumia `git push --force-with-lease`, ambayo hukataa ikiwa kuna mtu aliyeongeza komiti huko tangu ulipochukua habari mara ya mwisho. `--force` tupu haiulizi.

## Kurudi nyuma

Katikati ya muunganisho, `git merge --abort` hukurudisha ulikotoka, na kwa rebase ni `git rebase --abort`. Zitumie bila aibu. Kuanza upya ukiwa umeelewa ni nafuu kuliko kuendelea ukiwa umechanganyikiwa.

Kama umekwisha kuandika komiti ya kuunganisha lakini hujaipeleka kwenye seva, `git reset --hard ORIG_HEAD` huirudisha hali ya kabla (ORIG_HEAD ni alama ambayo Git huiweka mahali ulipokuwa kabla ya muunganisho), mradi hujafanya operesheni nyingine kubwa iliyobadilisha ORIG_HEAD na huna mabadiliko yanayoelea, kwa kuwa yatafutwa. Ikiwa hali imevurugika zaidi, andika `git reflog`. Hiyo ni daftari la kila mahali tawi lako liliposimama, na komiti zisizofikika tena huendelea kutajwa humo kwa siku 30 kwa kawaida. Mimi niliutafuta mstari wa kabla ya rebase yangu ya mkosi, nikachukua namba yake, nikaandika `git switch -c uokoaji` ikifuatiwa na namba hiyo, na kazi yote ilikuwa pale.

Ikiwa `punguzo` limekwisha kuunganishwa ndani ya `main` ya pamoja kwa komiti ya kuunganisha, usiing'oe historia. Itangue kwa komiti mpya:

```
git revert -m 1 <namba ya komiti ya kuunganisha>
```

Namba 1 inaiambia Git kwamba mzazi wa kwanza, yaani `main` ilivyokuwa, ndiye wa kurudiwa. Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata wazoefu. Ukishalirekebisha tawi la `punguzo` na kuliunganisha tena, Git itaona kwamba komiti zake za zamani zimo tayari kwenye historia na italeta yale marekebisho mapya tu; punguzo lenyewe halitarudi, kwa sababu lilibatilishwa na ile komiti ya kutangua, ambayo bado inatawala. Lazima kwanza uitangue komiti iliyotangua, `git revert` ikifuatiwa na namba yake, kisha ndipo uunganishe. Endesha majaribio tena: ile bidhaa ya shilingi 1,000 inapaswa kutoka kwa 1,044.